Vijana wa Lamu wanataka kufufua ndege ya vita: waanzie wapi?

SWALI: "Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Matondoni, Lamu. Baba huunda majahazi, mimi nilisomea umakanika na sasa natengeneza mashine za boti. Nimekuwa nikitazama video za watu wa Uingereza na Marekani, wengi wao wazee waliostaafu, wanaojitolea kufufua ndege za Vita Vikuu vya Pili na kuzirusha tena. Hapa tuko vijana wachache wenye hamu hiyo. Kuna mtu Mombasa anataka kutuuzia injini ya ndege ya zamani, anasema ni ya vita. Mwingine anasema baharini kuna mabaki ya ndege ya kuokota. Je, tunaweza kuanzisha kikundi cha namna hiyo hapa pwani mpaka ndege iruke? Na ni kweli kwamba kazi ngumu ni injini?"

JIBU: Marahaba mwanangu, na salamu zangu kwa mzee.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linalowalia watu fedha, tena watu wenye uwezo kuliko nyinyi. Injini si kazi ngumu. Ni kazi chafu na ya gharama, lakini njia yake inajulikana: unaifungua, unapima kila kipande, kilicholika unakitupa, unaifunga upya kwa vipimo vya kitabu. Wewe unayeshinda na mashine za boti utaielewa upesi. Ndege kuukuu hukwama kwingine, na aghalabu hukwama huku injini zake zinanguruma vizuri tu.

Kisa cha Vulcan ya Uingereza, ile yenye namba XH558, kinatosha kulieleza hilo. Ni ndege ya mabomu ya enzi za Vita Baridi, yenye injini nne za jeti na bawa pana la pembetatu. Jeshi la Anga la Uingereza liliiachilia mwaka 1993. Raia wakaichukua, wakachangisha umma, fedha za turathi zitokazo kwenye bahati nasibu ya taifa zikaongeza zaidi ya pauni milioni 2, na tarehe 18 Oktoba 2007 ikaruka tena. Kwa miaka minane watu walijaa pembezoni mwa viwanja kuitazama. Mwaka 2015 ikatua mara ya mwisho, nzima, bila ajali. Kilichotokea ni kwamba kampuni kubwa za uhandisi zilizokuwa zikiisimamia ziliamua kujitoa. Wahandisi walioijua ndege ya aina ile walikuwa wanastaafu, na bila wao hakukuwa na mtu wa kutia sahihi kwamba chombo ni salama. Ndege tata namna ile kule hairuki bila usimamizi huo. Sahihi imekosekana, ruhusa imekosekana, na mapenzi ya maelfu ya watu hayakuweza kulibadilisha hilo.

Ndege unazoziona zikitua uwanja wa Manda kila siku zina mtengenezaji aliye hai. Akigundua kasoro anawaandikia wenye ndege wote duniani, anauza vipuri, anajibu maswali. Ndege ya mwaka 1940 ni yatima. Kiwanda kilifungwa au kilimezwa na kingine, michoro imetawanyika, na aliyejua kwa nini bolti fulani ilitiwa pale amekwisha kuzikwa. Kwa hiyo nchi zenye ndege hizi zimeziwekea tabaka lake la ruhusa, chini ya ile ya ndege za biashara, lenye masharti: ziruke wapi, zirushwe na nani, zibebe nani. Kwetu mlango ni mmoja, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na huo mtaubisha kabla ya kununua hata nati.

Watakachowauliza kwanza ni daftari. Mwili wa ndege una daftari lake, injini lake, na propela lake kwa zile zinazohitaji. Humo mna kila saa iliyoruka, kila kipande kilichobadilishwa, na sahihi ya aliyebadilisha pamoja na namba ya leseni yake. Kwenye boti ukipata pistoni nzuri dukani unaitia na unakwenda zako. Kwenye ndege, bolti ya bawa inayong'aa isiyo na karatasi haitiwi, hata ikipendeza vipi. Macho hayawezi kujua ni chuma cha mchanganyiko gani, wala hayaoni ufa mwembamba unaotokana na uchovu wa chuma. Ufa huo hutafutwa kwa rangi ya kupenya, kwa sumaku, au kwa eksirei. Na kipuri kilichokataliwa hukatwa kwa msumeno siku hiyo hiyo. Kikibaki kabatini, mwaka wa tatu atakuja mtu mwenye haraka akitumie.

Sasa hao wazee wa kwenye video wanafanya nini hasa? Wengi wao hawagusi urubani wala usukani. Wanabandua rangi kuukuu, wanatoa ribiti moja moja kwa kutoboa kichwa chake bila kupanua tundu, wanachonga kipande kipya kwa kufuata kile kilicholiwa na kutu, wanapanga nati kwenye vikopo, wanapiga picha na kuandika. Mmoja au wawili wenye leseni ndio wanaokagua na kutia sahihi. Rubani huja mwishoni, na mara nyingi ndiye mwenye kazi nyepesi kuliko wote (marubani watanichukia kwa neno hili).

Ribiti zenyewe zina elimu yake. Baadhi ya zile za alumini ngumu hupashwa moto kwenye tanuru, hupozwa ghafla, kisha hutunzwa kwenye friza, kwa sababu zikikaa kwenye joto la kawaida huanza kukakamaa zenyewe. Ukizitoa una muda mfupi tu wa kuzipiga. Hebu fikiria karakana ya Lamu siku umeme umekatika na ribiti ziko kwenye friza.

Mfano wa kujitolea ninaoupenda mimi ni wa Wichita, jimbo la Kansas. Ndege ya mabomu ya B-29 iitwayo Doc ilipatikana mwaka 1987 kwenye jangwa la California, mahali jeshi la wanamaji lilipokuwa likijaribia silaha. Ilikuwa imeachwa pale miongo kadhaa kama shabaha. Ilifika Wichita vipande vipande mwaka 2000, na ikaruka tarehe 17 Julai 2016. Hesabu hiyo miaka. Wichita ndiko ilikoundwa, kwa hiyo miongoni mwa waliojitolea walikuwamo wastaafu waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda kile kile. Vijana walifundishwa na mikono iliyojua. Jambo la pili, ambalo kwenu lina uzito zaidi: ndege ile ilihifadhiwa na jangwa. Hewa kavu haili alumini. Ingeachwa miaka hiyo hiyo ufukweni Shela, msingekuta cha kufufua.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana, kwa kuwa video haziwaonyeshi hili. Adui wenu si bei wala serikali, ni chumvi. Upepo wa Kusi unaichukua kutoka kwenye mawimbi na kuipaka kila kitu, Malindi na Lamu sawasawa. Mabati yetu ni ushahidi. Alumini ya ndege si ile ya sufuria. Imechanganywa na shaba ili iwe na nguvu, na shaba hiyo ndiyo inayoifanya iwe dhaifu mbele ya chumvi. Kutu yake si nyekundu, ni ungaunga mweupe, na ile mbaya zaidi huanza ndani kwa ndani: chuma hufura na kubanduka tabaka kwa tabaka huku rangi ya juu bado ni nzima. Ukikutanisha metali mbili tofauti, tuseme bolti ya chuma cha pua ndani ya alumini bila kitu cha kuzitenga, maji ya chumvi huzigeuza betri na alumini ndiyo inayoliwa. Vifuniko vingi vya injini za zamani ni vya magnesi, metali nyepesi kuliko alumini, na magnesi kwenye hewa ya bahari huoza vibaya kuliko zote.

Wazungu wenyewe wanaliogopa jambo hili kwenye bahari zao za baridi. Catalina, ile ndege boti iliyotoka Mombasa wakati wa vita kusaka nyambizi kwenye Bahari ya Hindi, ilikuwapo moja Uingereza iliyoruka hadi miaka ya karibuni, nayo maji iliyotua yalikuwa ya ziwa. Iliundwa kwa ajili ya bahari, lakini wenye nayo waliikwepa bahari hiyo, maana kila tone la chumvi linaloingia kwenye mishono ya bodi ni kazi ya wiki kulitoa. Ilipoharibikiwa na injini mwezi Oktoba 2020 ilikuwa Loch Ness, ziwa la maji baridi kule Scotland.

Mbao nazo zina yake. Mosquito, ndege ya Uingereza iliyoundwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa na katikati zikatiwa balsa, ilifanya maajabu Ulaya. Ilipopelekwa upande wa India, mwaka 1944 baadhi zilianza kuachana viungo angani. Joto na unyevu vilizikuta kasoro za gundi na za uungaji ambazo huko kwenye baridi zilikuwa zimejificha. Ndege zilizotokana na karakana nzuri kabisa zilishindwa na hali ya hewa inayofanana na yetu.

Sijakwambia haya ili mkate tamaa. Nataka mchague ndege inayowafaa, na si ile inayopendeza kwenye picha. Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza, isahauni. Injini yake ya Merlin ni ya silinda 12 na lita 27, mafundi wake duniani wanahesabika, na bei yake hata tusiizungumze. Harvard, ndege ya mafunzo ambayo Jeshi la Anga la Afrika Kusini liliitumia mpaka mwaka 1995, iko karibu kidogo: vipuri vipo Afrika Kusini na watu wanaoijua bado wako hai. Lakini inakunywa zaidi ya lita 100 kwa saa, tena petroli ya ndege. Ndege nyingi zinazotua Malindi na Manda siku hizi ni za tabaini, zinatumia mafuta ya aina ya taa, hivyo petroli hiyo mtaileta kwa mapipa.

Mimi ningewaelekeza kwenye Tiger Moth, au kipande chake. Ni ndege ya mafunzo ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931. Ziliundwa zaidi ya 8,000, na marubani wengi wa vita vile walianzia humo. Ina mabawa mawili juu na chini, injini ya silinda nne ya nguvu ya farasi 130, na kiu yake ni kama lita 30 kwa saa. Kiwiliwili chake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Mabawa ni mbao zilizovikwa kitambaa. Na mbao, mwanangu, ndiyo elimu mliyonayo Matondoni kuliko mtu yeyote wa Nairobi.

Mzee wako akiona ndani ya bawa la Tiger Moth atalisoma bila kuambiwa. Kuna mihimili miwili inayokwenda urefu wote, na mataruma mepesi yanayolitia bawa umbo. Atakachogombana nacho ni mbao yenyewe. Mbambakofi na mvule hazina kazi huku, ni nzito mno. Hutumika sprusi, mti mwepesi wa nchi za baridi, na si kila ubao wake unafaa: nyuzi za mbao zisipinde zaidi ya sehemu moja kwa kila kumi na tano za urefu, kusiwe na fundo, kusiwe na utomvu, na ubao uwe umekauka kwa kiwango kinachopimwa kwa kifaa, si kwa kugonga na kusikiliza. Jahazi husamehe ubao uliopinda, fundi huufuata ulivyo, akaziba kwa kalafati. Ndege haina kalafati. Kiungo ni gundi peke yake, na gundi inataka nyuso mbili zikutane sawasawa, kwenye joto na unyevu uliotajwa kwenye kopo lake. Kila mnapogandisha, gandisheni na vipande vidogo vya majaribio kwa gundi ile ile, kisha mvivunje. Kikivunjika kwenye mbao, gundi imeshika. Kikiachana kwenye gundi, kazi yote ya siku hiyo inarudiwa, na msitafute sababu za kuitetea.

Kitambaa hushonwa kwenye mataruma kwa uzi wa nta, fundo kwa fundo, kwa nafasi iliyoandikwa. Watu wanaoshona matanga Lamu wataijua sindano ile siku ya kwanza. Msiwaache nje kwa kuwa si "mafundi wa ndege".

Najua mzee ataniuliza: mkibadilisha mihimili, mataruma na kitambaa, hiyo bado ni ndege ya vita au ni mpya? Mjibu kwa jahazi lake mwenyewe. Jahazi lililobadilishwa mbao moja moja kwa miaka arobaini huitwa kwa jina lile lile, na mwenyewe hana shaka. Kwa ndege, kinachobeba jina ni kile kibati cha namba kutoka kiwandani pamoja na mfululizo wa daftari. Kuna ndege maarufu zinazoruka leo ambazo sehemu kubwa ya chuma chake ni ya juzi. Wapo wanaoliona hilo ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo, mradi kila kipande kipya kimeandikwa kuwa ni kipya.

Kuhusu kuruka: kwa maoni yangu, kikundi chenu kilenge kuwasha, kisilenge kuruka. Najua si jibu mlilolitaka. Lakini tazama Afrika Kusini, kwenye Shackleton zao, ndege kubwa za doria ya baharini zenye injini nne za Griffon na propela mbilimbili zinazozunguka kinyume. Moja, namba 1716, ilifufuliwa ikaruka. Julai 1994 ilikuwa njiani kwenda Uingereza kwenye maonyesho. Juu ya Sahara Magharibi, usiku, ikapoteza injini mbili za upande mmoja. Rubani aliilaza kwa tumbo jangwani, na watu wote 19 wakatoka hai. Ndege imebaki kule kwenye mchanga. Dada yake, namba 1722, iko Ysterplaat, Cape Town. Ilifika wakati ikaamuliwa isirushwe tena, wajitoleaji wakaendelea kuziwasha injini zake chini kwa miaka. Watu walikuja, wakasikia Griffon nne zikiamka moja baada ya nyingine, ardhi ikitetema, watoto wakiziba masikio. Niambie ni nani aliyeondoka pale akidai kudhulumiwa.

East Kirkby, Uingereza, kuna ndege ya mabomu ya Lancaster iitwayo Just Jane. Kwa miaka mingi imekuwa ikitembea chini tu, watu wakilipa kupanda ikizunguka uwanjani, na fedha hizo ndizo zinazoendesha kazi ya kuirudisha hewani. Kuwasha kunalisha, kuruka kunakula.

Siku mkishika njia ya kuruka, msiuze kiti. Tarehe 2 Oktoba 2019, ndege ya mabomu ya B-17 ya shirika moja la Marekani lililokuwa likibeba abiria wa kulipa ilianguka uwanja wa Bradley, Connecticut, ikaua watu saba. Wachunguzi walikuta, pamoja na makosa ya uendeshaji, kwamba magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) na plagi za injini hazikuwa zimetunzwa inavyotakiwa. Magneto na plagi, vitu unavyovigusa wewe kila siku! Mwaka 2022 kule Dallas ndege mbili za vita ziligongana kwenye maonyesho, wakafa sita. Na Shoreham, Uingereza, Agosti 2015, Hunter ya jeti iliangukia barabara kuu: wote 11 waliokufa walikuwa chini, na rubani akaokoka. Tangu hapo masharti ya maonyesho kule yamekazwa sana. Mji wenu hauna hata barabara pana ya kukimbilia.

Makosa yanayoleta haya mara nyingi ni madogo mno. Ile Vulcan niliyoitaja, mwaka 2012 iliharibikiwa na injini mbili kwa mpigo uwanjani kwa sababu vifuko vya kunyonya unyevu vilisahauliwa kwenye njia ya hewa. Injini moja ilivivuta, uchafu wake ukaiua ya pili. Kwa hiyo kwenye karakana yenu kila spana ichorwe umbo lake ukutani, na hakuna kwenda nyumbani mpaka ukuta umejaa. Spana iliyopotea huhesabiwa kuwa iko ndani ya ndege mpaka ionekane.

Sasa hiyo injini ya Mombasa. Usilipe kwanza. Omba picha ya kibati cha namba, kisha uliza daftari. "Ya vita" si ushahidi wa kitu. Akikwambia ina silinda tisa kuzunguka, huenda ni ya kampuni ya Marekani ya Pratt & Whitney, lakini zile za silinda tisa zimetumika pia kwenye Beaver na Otter za kiraia, na Beaver ilikuwa miongoni mwa ndege za mwanzo za Jeshi la Anga la Kenya lililoundwa mwaka 1964. Inaweza kuwa na miaka mingi baada ya vita na bado muuzaji akaamini anachosema. Angalia kama matundu ya plagi yameachwa wazi: kama ndiyo, hewa ya Mombasa imeingia ndani ya silinda miaka yote hiyo. Injini iliyotunzwa huwa imemiminiwa mafuta ya kuhifadhia, na kwenye matundu hutiwa vizibo vyenye chembe za kunyonya unyevu, zinazobadilika rangi zikishalowa. Jaribu kuzungusha shafti kwa mkono, polepole. Injini za duara hukusanya mafuta kwenye silinda za chini. Ukihisi inagoma usiilazimishe, maana mafuta hayabanwi na utapinda fimbo ya pistoni. Toa plagi za chini, acha yatoke, ndipo ujaribu tena.

Ikiwa haina daftari, bei yake ni ya chuma chakavu, na kwa bei hiyo inunueni hata leo. Itawafaa sana kama darasa. Ifungueni yote, pimeni, choreni, ifungeni tena, iwekeni kwenye fremu, iwasheni mbali na watu. Hiyo peke yake ni kazi ya miaka kadhaa ya Jumamosi, na ndiyo itakayowaonyesha nani kati yenu anakuja akiitwa na nani anakuja bila kuitwa.

Mabaki ya baharini, hapana. Vita vile vilifika huku: Oktoba 1940 ndege za Italia zilidondosha mabomu hapa Malindi, na kwa hiyo hadithi za vyuma chini ya maji hazikomi. Mtu akikuonyesha kitu, chukua alama ya mahali, waarifu watu wa Makumbusho ya Taifa kwenye ofisi yao ya Lamu, uishie hapo. Huenda mna risasi au bomu. Huenda mna watu. Na alumini iliyolala baharini ikitolewa kwenye hewa bila kuondolewa chumvi kwa utaratibu huanza kuporomoka siku zile zile, kwa hiyo hata faida mnayoifikiria haipo.

La kikundi lenyewe ni fupi. Sajilini kabla ya kununua chochote, na iandikwe waziwazi kwamba mali ni ya kikundi. Nimeona miradi ya magari na ya boti ikifa, na kwa kawaida haifi kwa kukosa fedha. Inakufa siku mtu mmoja aliyetoa nyingi anapoanza kusema "ndege yangu". Mmoja wenu mwenye kichwa cha masomo aende akasomee uhandisi wa ndege. Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kiko Nairobi. Safari yake ya leseni itachukua miaka, na ndiyo maana aanze sasa, msingoje mpaka mnahitaji sahihi yake. Mpaka amalize, tafuteni injinia mwenye leseni, mstaafu hasa, aje mara chache kwa mwaka kukagua.

Karakana isiwe ufukweni, wala Manda karibu na maji. Tafuteni mahali pa bara kidogo penye miti ya kukinga upepo, sakafu ya saruji, milango inayofungika kweli, na chumba kimoja kidogo chenye kiyoyozi cha kukausha hewa kwa ajili ya gundi na vipuri. Kama mtaanza na bawa, kazi ya kugandisha ifanyeni wakati wa Kaskazi, baada ya mvua za vuli kwisha. Masika iwe ya kuandika, kupima na kufungua injini.

Barua ya kwanza iende Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ulizeni swali moja tu: tukifufua ndege ya aina hii kwa kuionyesha na kuiwasha chini, mnatutaka nini? Msitaje kuruka bado. Wakikujibu, nitumie nakala pamoja na picha ya kibati cha hiyo injini, nami nitakwambia kama ni ya kusafirisha hadi Lamu au ya kuiacha Mombasa.